Ruti Imejaa, Mdogo Wangu: Kabla Hujasogeza Mpaka

Mdogo wangu wa Morotonga, ujumbe wako nimeusoma hadi mwisho, na picha za skrini ulizoambatisha nimezikuza mpaka nikaona kila namba. Una stesheneri yako pale Mugumu mjini: unachapa, unatoa kopi, unawajazia watu maombi ya kazi na ya mikopo ya HESLB. Laptopu ni ya mtumba, diski yake ni GB 256, na fundi aliyekuwekea Ubuntu kando ya Windows aliigawia Ubuntu GB 25 tu. Ilitosha kwa muda, halafu ikaanza kulia kwamba nafasi inakwisha. Juzi umeweka nywila, skrini ikazimika kidogo, ikakurudisha palepale pa kuweka nywila. Sasa fundi mwingine anakwambia dawa ni kufomati yote uanze upya, na wewe unaniuliza ukubali au ukatae.

Kataa. Kompyuta yako haijafa, na Linux haijaharibika. Tatizo lako linapimika na lina dawa, na dawa yenyewe ni flashi moja au diski ya nje ya kuazima, na usiku mmoja ambao hakuna mteja anayekugongea mlango. Ila nataka tukubaliane jambo moja mapema. Wewe umeniuliza, "Dada, naongezaje ruti?" Mimi nakurudishia swali: nafasi unayotaka kuiongeza iko upande gani wa ruti, kushoto au kulia? Jibu la hapo ndilo linaloamua kama kazi ni ya dakika tano au ni ya kuhatarisha vyeti vya watu.

Kwanza tukutoe gizani. Ruti ni ile patisheni, yaani kipande cha diski, inayobeba alama ya mkwaju, yaani /, ambako Linux huanzia kuhesabu kila kitu: programu, logi, mipangilio, na kwa laptopu kama yako hata nyaraka zako. Ikijaa kabisa, mfumo unakosa pa kuandika vifaili vidogo vya muda unavyovihitaji ili kukufungulia dawati, ndiyo maana unarudishwa mlangoni. Nywila yako haina kosa.

Ukiwa hapo pa nywila, bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Itakuja skrini nyeusi yenye maandishi. Andika jina lako la mtumiaji, kisha nywila. Herufi hazitaonekana unapoandika, wewe endelea tu ubonyeze Enter. Ukishaingia, andika df -h, utafute mstari unaoishia na / peke yake. Wako utaonyesha asilimia 100. Sasa toa uchafu ambao hakuna atakayeulilia:

sudo apt clean
sudo journalctl --vacuum-size=100M
sudo apt autoremove --purge

Ya kwanza inafuta mafaili ya usakinishaji yaliyopakuliwa na kubaki ghalani. Ya pili inapunguza shajara ya mfumo, ambayo kwa kawaida huruhusiwa kula hadi asilimia 10 ya patisheni, mwisho GB 4; kwa ruti ya GB 25 hiyo ni GB mbili na nusu za kumbukumbu ambazo hujawahi kuzisoma. Ya tatu inaondoa kerneli za zamani na vifurushi visivyotegemewa tena na programu yoyote. Isome orodha inayokuletea kabla ya kukubali. Ukiona humo programu unayoitumia, sema hapana. Kisha lisafishe pipa la taka, maana faili ulilolifuta kwa kipanya halijaondoka kwenye diski, limehamia tu kwenye folda ya .local/share/Trash ndani ya nyumba yako. Wengi wanafuta mchana kutwa na namba ya df haisogei, kumbe pipa ndilo limejaa.

Rudi kwenye dawati kwa Ctrl, Alt na F1, au washa upya kompyuta. Utaingia. Lakini usishangilie, maana hapo umepata pa kusimama tu. Na pa kusimama panahitajika: hata programu za kuongeza patisheni zinahitaji nafasi kidogo ya kuandikia mambo yao ya muda. growpart, ambayo nitaieleza baadaye, hugoma kabisa kwenye ruti iliyojaa pomoni.

Naomba pia usiingie na kitu kinachoitwa rm -rf ndani ya /usr, /var/lib au /boot eti kwa sababu umeona folda nene. Hizo ndizo zinazoifanya kompyuta iwe kompyuta. Ya kufutwa humo yafutwe na apt, snap au journalctl, ambazo zinajua kinachotegemea nini.

Sasa tujue nani amekula nafasi. Andika sudo du -xh --max-depth=1 / | sort -h, usubiri. Ile x inaiambia du isivuke mpaka wa ruti, isije ikakuhesabia na patisheni ya Windows au flashi. Kwenye picha yako ya pili naona /usr ina GB 8 hivi, /var ina 5, na /home, nyumba yako, inakaribia GB 10. Hiyo /home ndiyo niliyoitazama kwa muda. Umeniambia humo hakuna sinema wala muziki. Kuna folda inayoitwa Skani, na ndani yake vyeti vya kidato cha nne, vitambulisho vya NIDA na barua za watendaji za kila mteja aliyewahi kukaa kwenye kiti chako.

Mdogo wangu, hapa nitakuwa mkali kidogo. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na moja ya misingi yake ni kwamba taarifa ya mtu isikae kwako kupita muda wa kazi iliyokufanya uichukue. Msichana aliyekuja kujaziwa ombi la mkopo mwaka juzi hana haja ya kitambulisho chake kuendelea kuishi kwenye laptopu ya stesheneri, ambayo hata ikiibiwa kesho hutajua nani amechukua nini. Jiwekee utaratibu: kazi ikikamilika na mteja akapewa nakala yake, ya kwako inafutwa, pipa linasafishwa. Wale wanaotaka uwatunzie, wakwambie kwa maneno yao wenyewe. Utapata nafasi, na utalala bila deni la siri za watu.

Kuna nafasi nyingine iliyojificha. Mfumo wa faili wa ext4, ambao ndio Ubuntu yako inautumia, huweka akiba ya asilimia 5 kwa ajili ya msimamizi mkuu wa mfumo, ili programu za watumiaji zikishajaza diski yeye abaki na pa kufanyia kazi. Kwenye GB 25 akiba hiyo ni GB moja na robo. Unaweza kuishusha hadi asilimia 1 kwa sudo tune2fs -m 1 ukifuatisha jina la patisheni. Ila kwenye ruti ndogo mimi naiacha ilivyo, maana siku ya kujaa ndiyo inayokuokoa.

Haya, sasa tuje kwenye mipaka. Picha yako ya tatu, ile ya lsblk -f na lsblk, ndiyo iliyonipa jibu. Diski inaitwa nvme0n1 na inaonyesha 238.5G. Usidhani umeibiwa: mtengenezaji anahesabu kwa 1000, lsblk inahesabu kwa 1024, diski ni ileile. Chini yake kuna p1 ya MB 100, ambayo ni ya kubutia. Kuna p2 ya MB 16, ya Windows. Kuna p3 ya GB 212, Windows yenyewe, diski C. Kuna p4 ya MB 700 hivi, ya kufufulia Windows ikianguka. Halafu p5, GB 25, ext4, na mwisho wa mstari alama ya /. Hiyo ndiyo ruti yako.

Ukisoma hivyo utafikiri p5 iko mwishoni mwa diski na jirani yake wa kushoto ni p4. Sivyo. Namba zinafuata nani alizaliwa lini. Hazisemi nani amekaa wapi. Fungua GParted, programu ya kugawa diski, uone mchoro wa diski juu ya dirisha: inapanga patisheni zilivyokaa kweli. Utaona C kubwa, kisha p5 yako, kisha p4 imebanwa ukutani kulia. Karibu kila patisheni inayotumika ina alama ndogo ya kufuli pembeni, maana yake mfumo unaitumia sasa hivi na haiguswi ovyo. Eneo tupu huandikwa unallocated na rangi yake ni kijivu. Kwako hakuna kijivu cha maana. Nafasi yote ya ziada iko ndani ya C, na C iko kushoto.

Hapo ndipo ninapotaka usimame. Chukulia una kiwanja Morotonga na nyumba imekaa mwanzo kabisa wa kiwanja. Ukipata ardhi upande wa nyuma, unang'oa kigingi kimoja unakisogeza, jioni umemaliza. Ukipata ardhi upande wa mbele na unataka nyumba ianzie kwenye mstari mpya, ni lazima uihamishe nyumba nzima, tofali kwa tofali, na watu wako ndani. Patisheni ina mwanzo na mwisho. Kuongeza mwisho, yaani kulia, ni kubadili namba moja kwenye jedwali la diski na kuuambia mfumo wa faili kwamba uwanja umepanuka. Kuongeza mwanzo, yaani kushoto, ni kunakili kila kipande cha data kutoka pale kilipo kukipeleka nyuma. Kwa SSD ni dakika kadhaa. Kwa diski ya kuzunguka yenye data nyingi unaweza kukaa saa nyingi ukitazama mstari unavyojaa. Umeme ukikatika katikati, nusu ya data iko kwa zamani na nusu iko kwa mpya, na hakuna programu ya bure itakayokuunganishia. Hali ya umeme wetu wa Mara unaijua, hasa mvua za masika zikianza na radi zake. Betri ya laptopu ya mtumba nayo unaijua.

Kwa hiyo kwako wewe, dada yako anasema usiongeze ruti kabisa. Punguza C, na kwenye nafasi itakayopatikana tengeneza patisheni mpya ya /home, uhamishie nyumba yako humo. Ruti itabaki na GB 25 zake, lakini mzigo wa GB 10 utakuwa umeondoka, na /home mpya unaweza kuipa GB 60 au 80. Uzuri wa njia hii ni kwamba /home haihitaji kupakana na ruti. Inaweza kukaa popote kwenye diski. Na ruti yenyewe hatuigusi, kwa hiyo hata umeme ukikatika katikati ya kunakili, nyaraka za zamani bado ziko pale zilipokuwa.

Kabla ya yote, bakapu. Najua umesikia neno hili mpaka limekuchosha, kwa hiyo nitalieleza kwa jambo la hapohapo kwenu. Mugumu kuna nyumba salama ya Hope for Girls and Women, shirika lililoanzishwa na Rhobi Samwelly mwaka 2017, wanakokimbilia wasichana wanaokwepa ukeketaji na ndoa za utotoni. Miaka hiyo vijiji vingi vya Serengeti vilikuwa havionekani kwenye ramani, na msichana anayeomba msaada usiku hawezi kufikiwa haraka kama hakuna anayejua kijiji chake kiko wapi. Wanaramani wa kujitolea wa Crowd2Map, mradi ulioanza mwaka 2015, wakachora barabara na nyumba kwenye OpenStreetMap kutoka picha za setilaiti, na wakazi wa vijijini wakaongeza majina kwa simu zao. Sasa fikiria ofisi yenye kazi ya namna hiyo na kompyuta iliyojaa. Ramani inaweza kufutwa leo na kupakuliwa tena kesho, iko wazi kwa dunia nzima. Jina la msichana, siku aliyofika, aliyosema kwa kinywa chake: hayo hayapakuliwi popote. Pima mafaili yako hivyohivyo. Programu na Ubuntu yenyewe zinapakulika, usihangaike nazo. Daftari la madeni ya wateja, hesabu za duka, picha za familia, nyaraka zilizoko upande wa Windows ambao nao tunaukata: hivyo nenda navyo kwenye flashi ya GB 32 au diski ya nje. Kisha ichomeke flashi kwenye kompyuta nyingine ufungue mafaili matatu manne uone yanafunguka. Bakapu isiyojaribiwa bado ni matumaini tu. Na kama ina taarifa za watu, ifunge kwa nywila uiweke mahali pa kufuli.

Upande wa Windows, ipunguze C kwa chombo cha Windows chenyewe, kile cha kusimamia diski, Disk Management. Windows inayajua mafaili yake kuliko mgeni yeyote. Ila kwanza angalia kama BitLocker imewashwa. Kwenye laptopu nyingi za Windows 11 usimbaji huo huwashwa bila mwenyewe kujua. Kama imewashwa, hifadhi ufunguo wake wa kufufulia kwenye karatasi kabla hujagusa kitu. Kisha fungua Command Prompt ya msimamizi uandike powercfg /h off, ili Windows izimike kweli inapozimwa badala ya kusinzia na kuacha C imeshikwa. Punguza kwa kiasi unachotaka. Ikikataa kupunguza zaidi ya kiasi fulani ijapokuwa C ina nafasi, ni kwa sababu kuna mafaili yasiyohamishika yaliyokaa mwishoni. Chukua kile inachokupa, GB 60 zinakutosha.

Rudi Ubuntu, fungua GParted, bonyeza kile kijivu kipya, tengeneza patisheni ya ext4, kisha bonyeza alama ya vema ya kijani kukubali. Mpaka hapo GParted ilikuwa inapanga tu. Vema ndiyo inayotenda. Tuseme imepewa jina nvme0n1p6. Liandike kwenye karatasi.

Sasa washa upya, na kwenye menyu ya GRUB chagua chaguo za ziada, kisha kerneli yenye maneno recovery mode, kisha root. Kama menyu haijitokezi, bonyeza Esc mara moja wakati wa kuwaka. Hapo dawati halijafunguka, kwa hiyo hakuna programu inayoandika ndani ya /home wakati unanakili. Mistari ni hii, mmoja mmoja, ukisoma jibu la kila mmoja kabla ya kwenda unaofuata:

mount -o remount,rw /
mount /dev/nvme0n1p6 /mnt
cp -a /home/. /mnt/
cp /etc/fstab /etc/fstab.zamani
blkid /dev/nvme0n1p6

Ile cp -a inahifadhi wenye mafaili, ruhusa na tarehe. Ukiandika cp -r badala ya cp -a, utaingia kwenye nyumba ambayo kila kitu ni mali ya root na dawati litakugomea. blkid itakupa UUID, mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu. Fungua kwa nano /etc/fstab, faili linaloorodhesha patisheni za kupachikwa kompyuta inapowaka, uongeze mstari mmoja mwishoni, UUID yako ikikaa mahali pa nukta:

UUID=... /home ext4 defaults 0 2

Hifadhi, toka, kisha:

umount /mnt
mv /home /home.zamani
mkdir /home
mount -a
ls /home

Kama mount -a imekaa kimya na ls imekuonyesha jina lako, umefaulu, andika reboot. Kama mount -a imelalamika, usiwashe upya. Rudi kwenye fstab utazame UUID herufi kwa herufi, maana kosa huwa liko hapo. Ikitokea umewasha na kosa lake, mfumo utakusimamisha kwenye hali ya dharura na kukupa pa kuandika, rudisha fstab.zamani, rudisha /home.zamani, uanze tena. Hakuna kilichopotea.

/home.zamani iache hapo wiki nzima. Chapa, toa kopi, fungua nyaraka za kila aina. Ukiridhika, ndipo uifute kwa sudo rm -rf /home.zamani, ukisoma mstari huo mara mbili kabla ya Enter. Siku hiyo df -h ndiyo itakayoonyesha ruti imeshuka. Kabla ya hapo namba itabaki juu, kwa sababu nyumba ya zamani bado iko ndani ya ruti.

Wadogo zangu wengine mlioniandikia na ambao nafasi yenu tupu iko kulia, kwenu ndiko ile kazi ya dakika tano. Ext4 inaweza kukuzwa mfumo ukiwa unatembea, bila hata kuzima kompyuta. Sakinisha cloud-guest-utils, kisha sudo growpart /dev/nvme0n1 5, ukiacha nafasi kati ya jina la diski na namba, halafu sudo resize2fs /dev/nvme0n1p5. Patisheni kwanza, mfumo wa faili baadaye. Kwenye kupunguza ni kinyume, mfumo wa faili kwanza, na ext4 haipungui ikiwa inatumika. Anayechanganya mpangilio huo anakata data iliyokuwa imekaa ukingoni.

Mara nyingi kulia kunakuwa na swapu imekaa katikati ya ruti na nafasi tupu. Iondoe swapu kwa GParted: izime kwanza, ifute, kuza ruti, kisha tumia faili la swapu, kama Ubuntu yenyewe inavyofanya tangu toleo la 17.04. Msisahau kufuta mstari wa swapu ya zamani kwenye /etc/fstab. Ukiachwa, kompyuta kila ikiwaka itaitafuta kwa sekunde 90 kabla ya kukata tamaa, nanyi mtaamini mmeiharibu.

Na yule ambaye nafasi yake tupu iko kushoto na hana njia nyingine, labda kwa sababu /usr ndiyo imenenepa na si /home? Basi hamisha, lakini kwa masharti yangu. Bakapu iliyojaribiwa. Betri imejaa na waya umechomekwa, au UPS. Diski imepimwa afya kwa smartctl, kwa sababu kunakili kila kipande ndiko kunakoiua diski iliyokuwa tayari inakufa. Fanya kazi kutoka GParted Live kwenye flashi, ambayo ni ndogo mno ukilinganisha na Ubuntu kamili inayokaribia GB 6, kwa hiyo hata bando la kawaida linaibeba. Flashi utakayoandikia itafutwa yote, usitumie ile ya bakapu. GParted itakuonya kwamba kusogeza mwanzo wa patisheni kunaweza kuizuia kompyuta kubuti. Mara nyingi inabuti bila shida kwa sababu UUID haibadiliki, ila usiitupe flashi mpaka uone imewaka.

Kuna mwalimu wa Tarime aliyeuliza kuhusu seva ya shule: diski ya GB 500, ruti imejaa ikiwa na GB 100. Mwalimu, diski yako haijajaa. Kisakinishi cha Ubuntu Server, kikitumia LVM kwenye diski kubwa kuliko GB 200, huipa ruti GB 100 na kuacha zilizobaki bila mwenyewe. Andika sudo vgs utazame safu ya VFree; utaona zimekaa zinakusubiri. Kisha:

sudo lvextend -r -l +100%FREE /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv

Hiyo -r inakuza na mfumo wa faili papo hapo, wanafunzi wakiendelea kusoma. Ila usichukue zote. Badala ya +100%FREE andika +50%FREE ubakize akiba, maana LVM ni rahisi kuongeza na ni kazi kupunguza. Na kama shule yako itanunua zile kompyuta ndogo za Raspberry Pi, kama zilizopelekwa na Powering Potential kwenye sekondari za Karatu pamoja na maktaba ya RACHEL isiyohitaji intaneti, huko jambo hili limeshatatuliwa: mfumo wake unapowaka mara ya kwanza hujikuza wenyewe hadi kujaza kadi yote. Ruti iko mwisho wa kadi, kulia kwake hakuna mtu.

Mwisho kabisa, mdogo wangu, uliandika kwa uchungu kwamba huenda Linux si ya watu wa Mugumu, ndiyo maana inakusumbua. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, chini ya mradi wa KiLinux. Watu wa hapa wamekuwa ndani ya kazi hii kwa zaidi ya miaka 20. GB 25 alizokugawia fundi ndizo zilizokuwa chache. Siku nyingine mtu akikuwekea Linux, mwambie ruti GB 50 hadi 60, na /home patisheni yake peke yake.

Fanya kazi hii Jumapili usiku duka likiwa limefungwa. Ukikwama kwenye fstab, nitumie maandishi ya faili lenyewe pamoja na majibu ya lsblk -f, nami nitakujibu usiku huohuo.